Istilahi za kuganda kwa damu na chembe sahani

KUGANDA kwa damu ni tendo ambalo mwili hulitegemea ili binadamu asife kutokana na jeraha dogo. Hata hivyo, tendo lilo hilo likitokea mahali pasipofaa huweza kuua kwa muda wa dakika chache.

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, kuganda, kuelezea hali hizo mbili. Mgonjwa anayeambiwa na daktari kwamba damu yake haigandi, na mwenzake anayeambiwa kwamba damu imeganda mguuni, huenda wakarejea nyumbani wakidhani wanaugua maradhi yanayokaribiana. Ukweli ni kwamba maradhi yao ni kinyume kabisa, na dawa inayomwokoa mmoja yaweza kumwangamiza mwingine.

Ndipo inapofaa kuzifahamu istilahi zinazotumika katika uwanja huu, maana zake na mipaka yake.

Damu na sehemu zake

Mtu mzima huwa na takriban lita 5 za damu. Zaidi ya nusu ya kiasi hicho ni majimaji ya rangi ya manjano yaitwayo plazima, ambayo baadhi ya kamusi huyaita utegili. Sehemu iliyosalia ni chembe za aina 3: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazozuia damu kuvuja.

Istilahi inayokaribiana na plazima ni seramu. Damu ikiachwa igande kwenye chupa, kisha donge likaondolewa, majimaji yanayobaki ndiyo seramu. Tofauti ni kwamba plazima bado ina protini za kugandisha damu, ilhali katika seramu protini hizo zimekwisha kutumika.

Chembe sahani

Jina hili limetokana na umbo. Chembe hizi zikitazamwa kwa darubini kabla hazijaanza kazi, huonekana bapa mithili ya sahani ndogo. Baadhi ya waandishi huziita vigandishadamu, jina linalotaja kazi badala ya umbo.

Chembe sahani si seli kamili. Hazina kiini, kwani ni vipande vilivyomeguka kutoka kwa seli kubwa mno ziitwazo megakariositi ambazo huishi ndani ya uboho wa mifupa. Daktari Mwitaliano, Giulio Bizzozero, ndiye aliyezieleza waziwazi mnamo 1882 na kuonyesha kwamba ndizo zinazotangulia kukusanyika mahali mshipa ulipoumia.

Maisha yake ni mafupi. Chembe nyekundu huishi kwa takriban siku 120, lakini chembe sahani hudumu kwa siku 7 hadi 10 pekee. Kwa sababu hiyo uboho hulazimika kuzitengeneza kila siku bila kupumzika, na chochote kinachoudhuru uboho, kama vile saratani ya damu au dawa za kutibu saratani, hupunguza idadi yake upesi.

Kwa mtu mwenye afya, mikrolita 1 ya damu, yaani sehemu 1 kati ya milioni ya lita, huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Idadi ikishuka chini ya 150,000 hali hiyo huitwa thrombositopenia, au kwa Kiswahili chepesi, upungufu wa chembe sahani.

Karibu thuluthi moja ya chembe hizi huhifadhiwa katika wengu. Wengu ukivimba, huzifungia nyingi zaidi na kuziacha chache kwenye mzunguko wa damu. Hili huonekana kwa wagonjwa wa kala-azar, maradhi yanayosumbua kaunti kadhaa kame za Kenya zikiwemo Baringo na Turkana, na pia kwa wale ambao kichocho cha matumbo kimewaharibu ini.

Hatua za kuganda kwa damu

Mshipa unapokatika, mwili huchukua hatua 3 zinazofuatana kwa kasi.

Hatua ya kwanza ni mshipa kujikaza. Kuta zake hubana ili damu inayotoka ipungue.

Hatua ya pili ni kizibo cha chembe sahani. Jeraha hufichua nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizokuwa zimefunikwa na ngozi ya ndani ya mshipa. Chembe sahani hunata hapo kwa msaada wa protini nyingine inayofanya kazi kama gundi, iitwayo protini ya von Willebrand. Zikishanata hubadili umbo, zikachomoza vikono, kisha zikatoa kemikali za kuziita nyingine. Punde tundu huzibwa.

Kizibo hicho ni dhaifu, na kisipoimarishwa hubomolewa na msukumo wa damu. Hivyo hufuata hatua ya tatu, ambayo ni kufumwa kwa wavu wa fibrini.

Wanaofanya kazi hapa ni vigandishi, yaani protini za plazima ambazo kila moja huamsha inayofuata. Vigandishi havipaswi kuchanganywa na chembe sahani. Chembe sahani huhesabika kwa darubini, ilhali vigandishi vimeyeyuka katika plazima na huonekana kwa vipimo vya maabara tu.

Wanasayansi huvitaja kwa tarakimu za Kirumi kuanzia I hadi XIII. Hakuna kigandishi VI, kwani ilibainika baadaye kwamba kilichopewa nambari hiyo kilikuwa kigandishi V kilichokwisha kuamshwa. Kigandishi IV nacho si protini bali ni madini ya kalisi.

Mwishoni mwa mfululizo huo, prothrombini hugeuka kuwa thrombini. Thrombini huibadilisha fibrinojeni, iliyokuwa imeyeyuka katika plazima, ikawa nyuzi ngumu za fibrini. Nyuzi hizo hunasa chembe nyekundu jinsi jarife linasavyo samaki, na matokeo yake ndiyo donge la damu. Juu ya ngozi donge hilo likikauka huwa kigaga.

Donge halikusudiwi kudumu milele. Mshipa ukipona, protini iitwayo plazimini huzikatakata nyuzi za fibrini na kuliyeyusha. Afya ya mtu hutegemea mizani kati ya kuganda na kuyeyuka.

Ini na vitamini K

Vigandishi vingi hutengenezwa na ini. Vinne kati yavyo, II, VII, IX na X, haviwezi kufanya kazi bila vitamini K. Vitamini hii iligunduliwa na Henrik Dam wa Denmark alipokuwa akichunguza vifaranga waliovuja damu kutokana na lishe aliyowapa, na herufi K ilitokana na neno la kuganda katika lugha za Kijerumani na Kidenmaki. Dam alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani.

Mboga za majani kama vile sukuma wiki, mchicha, managu na kunde zina vitamini hii kwa wingi. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na kiasi kidogo mno cha vitamini K, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Hivyo hudungwa sindano ya miligramu 1 punde baada ya kuzaliwa ili asivuje damu matumboni au ubongoni. Mzazi anayeikataa sindano hiyo humweka mwanawe katika hatari asiyoiona.

Damu isipoganda

Dalili za damu isiyoganda ipasavyo ni muhina, yaani damu ya puani, unaojirudia au usiokoma; damu ya ufizi; hedhi nzito kupita kiasi; na kuvia kwa damu, ambako damu hutua chini ya ngozi na kuacha vilio bila mtu kukumbuka alipogongwa. Vidoa vidogo vyekundu visivyofifia ngozi inapobonyezwa huashiria upungufu wa chembe sahani.

Himofilia ni ugonjwa wa kurithi unaosababishwa na upungufu wa kigandishi kimoja. Katika himofilia A kinachopungua ni kigandishi VIII, na huwapata takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Himofilia B hutokana na upungufu wa kigandishi IX na ni nadra zaidi.

Kasoro hiyo hupatikana kwenye kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, hivyo ikiwa na kasoro huugua. Mwanamke ana mbili, na kwa kawaida ile nzima humkinga, ingawa yeye huweza kuirithisha ile yenye kasoro. Kila mwanawe wa kiume huwa na uwezekano nusu kwa nusu wa kuipata. Hata hivyo, takriban thuluthi moja ya visa hutokea katika familia ambazo hazikuwahi kuwa na mgonjwa.

Malkia Victoria wa Uingereza aliirithisha himofilia hadi katika jamaa za kifalme za Urusi na Uhispania. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2009 kuhusu mabaki ya jamaa ya mfalme wa mwisho wa Urusi ulithibitisha kwamba ilikuwa himofilia B.

Katika jamii zinazotahiri wavulana, mara nyingi ugonjwa huu hujitokeza kwenye tohara, kidonda kinapokataa kukauka. Wengine hugunduliwa mtoto anapoanza kutambaa na magoti yake kufura. Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, mwenye himofilia havuji damu kwa kasi kuliko wengine, bali huvuja kwa muda mrefu zaidi. Hatari kubwa ni ndani ya viungo na ubongo, mahali ambapo damu haionekani. Kuhusisha hali hii na laana au uchawi huchelewesha matibabu na kumwacha mtoto akiwa kilema.

Tiba yake ni kudungwa kigandishi kinachokosekana. Tangu 2017 kumekuwapo pia dawa ya emicizumab, inayodungwa chini ya ngozi ili kuzuia damu kuvuja kwa wenye himofilia A. Mgonjwa wa himofilia hapaswi kupewa aspirini. Siku ya Himofilia Duniani huadhimishwa kila Aprili 17.

Ugonjwa wa von Willebrand ulielezwa 1926 na Erik von Willebrand, daktari wa Finland, baada ya kuchunguza familia moja ya visiwa vya Åland. Huwapata wanaume na wanawake kwa usawa. Wanawake wengi walio nao huishi wakiamini kwamba hedhi nzito ni jambo la kawaida katika ukoo wao.

Upungufu wa chembe sahani waweza pia kuletwa na maambukizi. Malaria huzipunguza, vivyo hivyo homa ya dengue, ambayo imezuka mara kadhaa Mombasa na sehemu nyingine za Pwani, ikiwemo mikurupuko ya 2013 na 2017. Mtu mwenye homa ya dengue hushauriwa atumie parasetamoli na aepuke aspirini na ibuprofen, kwani dawa hizo mbili huzidhoofisha chembe chache alizobaki nazo.

Sumu ya nyoka ni chanzo kingine. Baadhi ya nyoka wa jamii ya bafe, pamoja na yule wa mitini aitwaye boomslang, wana sumu inayovimaliza vigandishi vyote. Damu huganda ovyo kwa vipande vidogo vidogo hadi hakubaki kitu cha kuzuia uvujaji.

Kuna kipimo rahisi kinachoweza kufanywa hata katika zahanati isiyo na mashine. Mililita 2 za damu ya aliyeumwa huwekwa katika chupa safi na kavu ya kioo, zikaachwa zitulie kwa dakika 20, kisha chupa huinamishwa mara moja. Damu ikimiminika kama maji, mgonjwa anahitaji dawa ya kuzima sumu bila kuchelewa.

Damu ya uzazi

Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya akina mama duniani. Mara nyingi chanzo ni mfuko wa uzazi kukosa kujikaza, lakini damu inapozidi kutoka, vigandishi navyo huisha na hali kuwa mbaya zaidi.

Asidi ya traneksamiki, iliyobuniwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, huzuia donge lisiyeyushwe mapema. Utafiti uliochapishwa 2017 na kuhusisha zaidi ya wanawake 20,000 katika nchi 21 ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha matumizi hayo mwaka huohuo.

Utafiti mwingine, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulitumia mfuko wenye alama za vipimo unaotandikwa chini ya mzazi ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Mfuko huo ulipotumiwa sambamba na kutoa matibabu yote kwa pamoja, visa vya uvujaji mkali vilipungua kwa asilimia 60.

Damu inapoganda pasipofaa

Donge linalojiunda ndani ya mshipa ambao haukukatika huitwa thrombosi. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alitaja katika karne ya 19 mambo 3 yanayochangia hali hii: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda.

Ndiyo sababu walio katika hatari ni waliolala kitandani kwa muda mrefu baada ya upasuaji, wajawazito na waliojifungua karibuni, wagonjwa wa saratani, na wasafiri waliokaa saa nyingi bila kunyoosha miguu. Tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni pia huongeza hatari hiyo kwa kiasi kidogo.

Donge la mguuni hujitokeza kwa mguu mmoja kufura, kuuma na kuwa na joto. Kipande chake kikimeguka na kusafiri, huitwa emboli. Kikifika mapafuni mtu hupumua kwa shida ghafla, kifua humchoma, na pengine hukohoa damu. Hiyo ni dharura.

Donge likiziba mshipa wa moyo huleta mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo huleta kiharusi. Hata hivyo, kuna kiharusi kinachotokana na mshipa wa ubongo kupasuka. Dalili za aina hizo mbili hufanana, nazo ni mdomo kwenda upande, mkono kulegea na ulimi kuwa mzito, lakini tiba ni tofauti. Kumpa mgonjwa aspirini nyumbani kabla ya picha ya ubongo kupigwa ni kucheza kamari na uhai wake.

Dawa za kuzuia damu kuganda

Wengi huziita dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Jina hilo lapotosha, kwani damu haipungui uzito wake. Kinachozuiwa ni kujiunda kwa donge. Ziko katika makundi 3.

Kundi la kwanza huzuia chembe sahani zisishikamane. Aspirini ni mfano. Chembe sahani iliyoguswa na aspirini haipati nguvu tena hadi inapokufa, hivyo athari ya dawa hudumu kwa muda wa wiki moja au zaidi. Ndiyo maana daktari wa upasuaji au wa meno huuliza kama mgonjwa ameimeza.

Kundi la pili huzuia vigandishi. Heparini, iliyogunduliwa 1916 na Jay McLean akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ilipewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Wafarini ilianza 1948 kama sumu ya panya, ikaanza kutibu binadamu 1954, na mwaka uliofuata ikatumiwa na Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliyepatwa na mshtuko wa moyo.

Wafarini huzuia kazi ya vitamini K. Hutumiwa sana na watu waliowekewa vali bandia za moyo, wengi wao baada ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kipimo chake huitwa INR. Kwa asiyetumia dawa huwa karibu 1, na kwa wagonjwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Kikishuka, donge hurudi. Kikipanda, damu huvuja. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ni miongoni mwa zilizoanzisha kliniki maalumu ya kuwafuatilia wagonjwa hao.

Mtumiaji wa wafarini hahitaji kuacha sukuma wiki. Anachotakiwa ni kula mboga kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na kumjulisha daktari kuhusu dawa nyingine yoyote, zikiwemo za mitishamba. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa amwone daktari mapema, kwa kuwa wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Dawa mpya kama rivaroxaban na dabigatran, zilizoingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mnamo 2019, hazihitaji kipimo cha INR. Hata hivyo, hazifai kwa wenye vali bandia za chuma.

Kundi la tatu ni dawa za kuyeyusha donge lililokwisha kujiunda, kama vile streptokinase na alteplase. Hutolewa hospitalini pekee, na saa ndiyo huamua kama zitafaa.

Chembe sahani katika benki ya damu

Chembe nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa zaidi ya mwezi mmoja, na plazima iliyogandishwa kwa barafu hudumu hadi mwaka. Chembe sahani hazistahimili baridi. Huwekwa katika nyuzijoto 20 hadi 24 na kutikiswa polepole wakati wote, na kwa kawaida hazizidi siku 5.

Aidha, huhitajika damu ya watu 4 hadi 6 ili kupata kipimo kimoja cha kumtosha mtu mzima, isipokuwa palipo na mashine inayozichuja moja kwa moja kutoka kwa mchangiaji mmoja. Kwa hivyo mgonjwa wa saratani ya damu hawezi kutegemea damu iliyotolewa mwezi uliopita. Uhai wake hutegemea watu waliojitolea wiki hiyohiyo.

Istilahi zinazochanganywa

Upungufu wa damu si upungufu wa chembe sahani. Wa kwanza ni uchache wa chembe nyekundu au himoglobini, na dalili zake ni uchovu na kuishiwa pumzi. Wa pili huleta uvujaji. Mtu aweza kuwa na mmoja bila mwingine, na vidonge vya kuongeza damu haviongezi chembe sahani.

Vivyo hivyo, shinikizo la damu halimaanishi kwamba damu ni nzito, bali ni nguvu inayotumika kuisukuma dhidi ya kuta za mishipa.

Mgonjwa anayeambiwa kwamba ana tatizo la kuganda kwa damu ana haki ya kuuliza swali moja la msingi: je, damu yake inakataa kuganda, au inaganda isipotakiwa? Jibu hilo likiandikwa kwenye kadi yake pamoja na majina ya dawa anazotumia, humwepusha na sindano, tembe au upasuaji ambao ungemdhuru siku atakapofikishwa hospitalini akiwa hawezi kujieleza.